Kanzu Iliyopimwa Februari: Kwa Nini Tunachanjwa Mafua na Bado Tunaugua

(Maneno haya niliyasema ukumbini Januari 2026, mbele ya Waswahili wanaoishi Uingereza, wengi wao wafanyakazi wa nyumba za kulea wazee. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini, na mimi ni Mpemba, kwa hiyo hesabuni arobaini.

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wangu mmoja anayelea wazee kama wengi wenu hapa. Sauti imekauka, anakohoa baina ya neno na neno. Anasema: "Dada, hiyo sindano yenu ni ya uongo. Nimechanjwa Oktoba, leo siku ya nne sijainuka kitandani. Mwakani msinitafute." Nikampa pole, nikamwambia anywe supu na alale. Hoja yake nikaiweka kiporo. Leo naipasha moto, kwa sababu najua hayuko peke yake. Humu ukumbini mngepiga kura ya siri, nadhani nusu yenu mngekuwa upande wake.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo tunapojikwaa kwanza. Sisi neno letu ni moja: mafua. Mtoto akitoka kamasi, mafua. Mtu akipigwa na baridi ya alfajiri akapiga chafya tatu, mafua. Na yule aliyelala siku tano, homa digrii 39, viungo vinamuuma kama kapigwa mchi, naye tunasema ana mafua. Vitabu vimejaribu kutenganisha, vikaliita hili kubwa homa ya mafua, lakini nyumbani hakuna anayepiga simu kazini akasema "nina homa ya mafua". Sasa, virusi vinavyoweza kukutoa kamasi ni zaidi ya 200. Sindano ya Oktoba inashughulika na ukoo mmoja tu kati ya hivyo, influenza. Mtu kachanjwa, mwezi uliofuata kapata kamasi za kirusi kingine kabisa, anasema sindano imeshindwa. Umemwita seremala akutilie komeo mlangoni, halafu unamgombeza kwa kuwa paa linavuja.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya hilo. Mdogo wangu alipimwa, na majibu yakarudi: influenza A, moja ya aina zake kuu. Alichanjwa dhidi ya influenza, akaugua influenza. Hapo hakuna cha komeo wala paa.

Basi tuseme ukweli wa namba. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, imekuwa ikipima ufanisi wa chanjo hii kila msimu tangu 2004. Msimu ule wa kwanza, wa 2004 kuingia 2005, ulikuwa aibu: asilimia 10. Msimu mzuri kuliko yote ulikuwa wa 2010 kuingia 2011, asilimia 60. Msimu wa 2014 kuingia 2015, 19. Wa 2017 kuingia 2018, 38. Chanjo ya surua, mtoto akipata dozi zote mbili, hukinga kwa asilimia 97 hivi. Kwa hiyo anayesema chanjo ya mafua ni dhaifu ukiilinganisha na dada zake, hajakosea. Mimi nimevaa sare ya uuguzi miaka mingi na nalisema waziwazi, kwa sababu nimeona tunavyoharibu imani ya watu kwa kuwaambia "chanja, hutaugua", halafu wanaugua.

Ila namba hizo zenyewe husomwa vibaya. Asilimia 40 haina maana kwamba kati ya watu 100 waliochanjwa, 40 wamepona na 60 wamebaki uchi. Chukueni mfano wa kubuni: kijiji cha watu 100 ambao hawakuchanjwa, na msimu ule 10 kati yao wakapata influenza. Kijiji cha pili, watu 100 waliochanjwa, wakaugua 6. Wanne wameepuka kati ya wale 10 ambao wangeugua. Hiyo ndiyo asilimia 40. Wale 90 wasingeugua hata wasingechanjwa. Na nani kati yetu atajua kwamba yeye ni mmoja wa wale wanne? Hakuna. Ugonjwa ambao hukuugua hauna siku, hauna cheti cha daktari cha kukupumzisha kazini, hauna ujumbe wa sauti wa kumtumia dada. Ndio maana sindano hii hailipwi shukrani.

Na namna ya kupima nayo nitaigusia kidogo. Hawatumi watu mitaani kuuliza nani kachanjwa. Wanachukua wale waliofika kliniki wakikohoa, wanawatia pamba puani, wanawagawa makundi mawili: wenye influenza na wasio nayo. Kisha wanatazama waliochanjwa wamejaa kundi lipi. Ni njia nzuri kwa sababu inalinganisha watu wa aina moja, wote ni wa kukimbilia daktari wakikohoa. Hasara yake, yule aliyeugua kidogo akabaki nyumbani hahesabiwi popote.

Kwa nini sasa ni dhaifu? Hapa nataka tukae, kwa sababu ndipo penye utamu wa habari.

Kirusi cha influenza kina vitu viwili mgongoni ambavyo mwili wetu huvitambua. Kimoja kinaitwa hemaglutinini, ndiyo ile H mnayoisikia katika H1 na H3. Hiyo ni ndoana. Ndiyo inayokamata seli ya koo ili kirusi kiingie. Kingine ni neuraminidesi, ndiyo N. Huo ni mkasi. Vitoto vya kirusi vikishazaliwa ndani ya seli, mkasi ndio unaovikata vitoke vikatafute seli nyingine. Chanjo tuliyonayo inafundisha mwili, zaidi ya yote, kuitambua ndoana. Tatizo ni kwamba kirusi hiki kinajinakili kwa pupa na hakisahihishi makosa yake. Kila nakala ina kosa hapa na pale, na kosa likiangukia ndoana, sura inabadilika. Kingamwili ulizopata mwaka jana zinakitazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani uliyemwacha darasa la pili ukamkuta ana ndevu. Unahisi unamjua. Huna uhakika.

Sasa fikirieni kazi ya mtengeneza chanjo. Shirika la Afya Duniani lina mtandao wa maabara tangu 1952, zaidi ya maabara 150 duniani, zikiwemo za kwetu Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe, zinazokusanya sampuli za pua mwaka mzima. Kila Februari wataalamu hukaa kitako wakachagua sura za virusi vya kuwekwa katika chanjo ya baridi ya nchi za kaskazini, na kila Septemba wanachagua za kusini. Februari wamechagua, sindano inafika mkononi mwako Oktoba. Kwa nini miezi yote hiyo? Kwa sababu sehemu kubwa ya chanjo hii mpaka leo inakuzwa ndani ya mayai ya kuku, mamilioni ya mayai, kama ilivyokuwa iliposajiliwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1945.

Nyumbani mnajua habari za fundi cherehani na sikukuu. Ukitaka kanzu ya mtoto ya Idi usubiri mfungo mosi unakaribia, fundi atakwambia hana nafasi. Basi unampeleka mtoto miezi sita kabla. Fundi anapima, anaongeza kidogo kwa kukisia, anakata. Idi inafika, mtoto kaota mguu. Miaka mingine fundi kakisia vizuri, kanzu imemkaa. Miaka mingine inamfika kwenye goti. Februari ndiyo siku ya kupima. Msimu wa 2014 ulikuwa wa goti: kirusi cha H3N2, mmojawapo wa ukoo wa influenza A, kilijigeuza baada ya uchaguzi kwisha, na chanjo zilikuwa tayari viwandani.

Na msimu huu tulio nao, ndugu zangu, ni hivyo hivyo. Chanjo ilichaguliwa Februari 2025. Baada ya hapo likatokea tawi jipya la H3N2, wataalamu wanaliita K, lenye mabadiliko saba katika ndoana. Likaenea Japani, Kanada, hapa Uingereza, na hapa msimu ukaanza zaidi ya mwezi mzima kabla ya kawaida yake. Mimi nilikuwa zamu; wodi zilijaa mapema. Magazeti yakaandika kwamba chanjo haifai, imekosa shabaha. Lakini Novemba wakala wa usalama wa afya wa hapa, UKHSA, akatoa hesabu za awali, na hizo zilinifanya nikae kwenye kiti. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 17, waliochanjwa walikuwa na kinga ya asilimia 70 hadi 75 ya kutofika hospitali kwa influenza. Kwa watu wazima, 30 hadi 40. Kanzu ya gotini, ndiyo, lakini mtoto hakutoka uchi.

Mayai nayo yana hila yao. Kirusi cha binadamu kikitiwa ndani ya yai hakistarehe, kwa hiyo kinajibadilisha kiweze kuishi na kuku. Kikitoka humo, ndoana yake imekwisha kujizoesha ndege. H3N2 ndicho kinachosumbua zaidi kwa tabia hii. Fundi kapima vizuri, lakini kitambaa chenyewe kimeloa maji kikafupika. Ndiyo sababu siku hizi kuna chanjo zinazokuzwa bila mayai, na moja yao nataka muijue kwa jina la mfanyakazi wake: kiwavijeshi. Wallahi. Seli zinazotumika kuitengeneza protini ya chanjo hiyo zilitokana na kiwavijeshi vamizi, huyu huyu aliyeingia Afrika 2016 akala mahindi ya wajomba zetu kutoka Handeni hadi Kitale. Hapa Uingereza chanjo hiyo ni mojawapo ya wanazopewa watu wazima. Katika jaribio la watu wa miaka 50 na zaidi, lililochapishwa 2017, ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 30 zaidi ya chanjo ya kawaida ya mayai. Kiwavi kimelipa deni kidogo.

Kwa wazee kuna njia nyingine mbili. Moja ni kuzidisha kipimo mara nne, mikrogramu 60 za kila kirusi badala ya 15. Jaribio la watu karibu 32,000 wa miaka 65 na kuendelea lilionyesha nafuu ya asilimia 24 juu ya kipimo cha kawaida. Nyingine ni kutia kichocheo kinachoamsha mwili, na ndani ya kichocheo hicho mna skwalini, mafuta ambayo asili yake ni ini la papa. Bibi zangu wa Wete, kule Pemba, wangecheka: sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka majahazi yasiliwe na maji, Wazungu wanaitia wazee wao mkononi.

Nirudi kwa mdogo wangu, kwa sababu yeye ni kijana wa miaka 34, ana nguvu, aliugua wiki moja akainuka. Mzee anayemlea ana miaka 88. Mwili wa miaka 88 haufundishiki kirahisi. Hata kipimo mara nne unakipokea nusunusu. Kwa hiyo mzee yule ulinzi wake mkubwa si sindano yake mwenyewe, ni ya anayemwogesha. Huko Scotland walifanya jaribio katika hospitali 20 za kulelea wazee, likachapishwa mwaka 2000. Pale ambapo wafanyakazi walishawishiwa kuchanjwa, wazee waliokufa majira ya baridi walikuwa asilimia 13.6. Pale ambapo hawakushawishiwa, 22.4. Wakosoaji wamelipiga mawe jaribio hilo, wakasema tofauti ile ni kubwa mno kuwa ni kazi ya chanjo ya mafua pekee, na mimi nawaunga mkono: haiwezekani yote yametokana na sindano. Lakini hata ukikata nusu, na nusu ya nusu, nani atasema kilichobaki ni kidogo? Majira ya baridi ya 2024 kuingia 2025, hapa England pekee, homa ya mafua iliondoka na karibu watu 8,000.

Kuna jambo jingine ambalo nililichelewa kulijua, na nilipolijua lilibadilisha namna ninavyozungumza na wagonjwa. Utafiti wa Ontario, Kanada, wa mwaka 2018 ulifuata watu waliothibitishwa kuwa na influenza, ukakuta kwamba katika wiki ya kwanza hatari ya mshtuko wa moyo hupanda mara sita. Mara sita! Mzee anakohoa Jumatatu, Ijumaa moyo unasimama, na cheti cha kifo kinaandika moyo. Mafua hayatajwi. Wataalamu wakiongozwa kutoka Sweden wakafanya jambo la akili: waliwachanja watu waliokuwa wametoka tu kupata mshtuko wa moyo, nusu wakapewa chanjo, nusu maji ya chumvi. Baada ya mwaka, vifo na mishtuko mipya ilikuwa asilimia 5.3 kwa waliochanjwa na 7.2 kwa wengine. Tunao humu baba zetu wenye presha na sukari. Wao wakiniuliza kuhusu chanjo hii, siku hizi siwaambii habari za kamasi.

Haya, tuje kwenye dawa. Hapa matumaini ni makubwa ila mkononi tulicho nacho ni haba.

Kwanza, antibiotiki haiui influenza. Kila mwaka nalisema, na kila mwaka nakuta mtu ana nusu ya vidonge vya amoksilini alivyorudi navyo kutoka likizo Mombasa. Antibiotiki ni ya bakteria. Daktari anaweza kukuandikia kama mafua yamekuachia nimonia, na hapo ana sababu. Tangawizi, limau, asali, kujifukiza, vyote fanyeni, vinafariji koo. Ila angalieni sufuria ya maji ya moto na watoto, nimeshaona kilichotokea.

Dawa ya kwanza kabisa ya influenza, amantadini, ilisajiliwa Marekani 1966. Leo ni historia; virusi vinavyozunguka karibu vyote vimeizoea. Kisha 1999 zikaja dawa zinazoziba ule mkasi: zanamivir ya kuvuta kwa mdomo, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Australia, na oseltamivir, ambayo nyote mnaijua kama Tamiflu. Mnaofanya kazi nyumba za wazee mmeshaiona: wazee wawili wakithibitishwa, daktari anaagiza kapsuli kwa nyumba nzima, hata wasioumwa. Malighafi yake ya mwanzo ilitoka kwenye kile kiungo cha Kichina chenye umbo la nyota, wengine hukitia kwenye biriani. Inafanya kazi? Inafanya, kidogo. Ukiimeza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, kwa mtu mzima mwenye afya inapunguza ugonjwa kutoka siku 7 hadi 6.3. Nimesoma hesabu hiyo mara nyingi nikitumaini nimekosea nukta. Na tulikuwa na onyo: msimu wa 2008 kuingia 2009, H1N1 ya wakati ule karibu yote ilikuwa imeizoea. Bahati tu kirusi hicho kikafagiliwa na H1N1 mpya ya mwaka 2009.

Mpya kuliko hizo ni baloxavir, ilisajiliwa Japani na Marekani 2018. Hii haigusi mkasi. Inakwenda ndani, pale kirusi kinapojinakili. Kirusi hiki kina wizi wake: kinakata kichwa cha ujumbe wa seli yako na kukibandika kwenye ujumbe wake, ili kiwanda cha seli kidhani ni amri ya mwenye nyumba. Baloxavir inauvunja huo wembe. Kidonge kinanywewa mara moja, basi. Na mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililouliza swali ambalo dawa za zamani hazikuwahi kulijibu vizuri: je, mgonjwa akinywa, watu wa nyumbani kwake wanasalimika wasiambukizwe? Maambukizi nyumbani yalipungua kwa karibu theluthi moja. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko kuharakisha kupona. Nyumba zetu mnazijua, chumba kimoja watoto wanne.

Sasa yanayokuja.

La kwanza ni chanjo za mRNA, za aina ile ya Covid, zinazoupa mwili maelekezo ujitengenezee wenyewe kipande cha kirusi cha kujifunzia. Uzuri wake ni kasi. Hakuna mayai, hakuna kusubiri. Fundi anaweza kupima karibu zaidi na sikukuu. Jaribio la kampuni ya Moderna kwa watu wa miaka 50 na zaidi lilionyesha mwaka 2025 kwamba yao inapunguza ugonjwa kwa asilimia 26.6 zaidi ya chanjo ya kawaida. Ya Pfizer, kwa watu wa miaka 18 hadi 64, asilimia 34.5 zaidi. Kasoro zipo: mkono unauma zaidi, homa ya siku moja inawakuta wengi zaidi, na ya Pfizer haikuamsha mwili vya kutosha dhidi ya influenza B. Kasoro nyingine si ya maabara. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kufuta miradi 22 ya mRNA, ya karibu dola milioni 500. Sayansi imefika mlangoni, mwenye funguo kaondoka nazo.

La pili ndilo ninalolipenda, na Wapemba wenzangu mtanielewa upesi. Ile ndoana, ukiitazama kwa karibu, imekaa kama karafuu. Ina kichwa na ina kikonyo. Mwili wetu unashambulia kichwa kwa sababu ndicho kinachoonekana, na kichwa ndicho kinachobadilika kila mwaka. Kikonyo hakibadiliki sana. Kikonyo cha mwaka huu na cha miaka kumi iliyopita ni ndugu. Wataalamu wa chuo cha tiba cha Mount Sinai, New York, na wengine, wamekuwa wakijaribu kutengeneza chanjo inayofundisha mwili kuacha kichwa na kukishika kikonyo. Wanabandika vichwa vigeni, vya virusi vya ndege ambavyo mwili haujawahi kuvikuta, juu ya kikonyo kile kile; kila dozi kichwa kipya, kikonyo hakibadiliki, mpaka mwili unaelewa kipi cha kukumbuka. Majaribio ya mwanzo kwa watu yalionyesha kwamba kingamwili za kikonyo zinapatikana. Kama zinatosha kumkinga mtu, hapo bado. Habari za chanjo moja ya maisha nimeanza kuzisikia nikiwa mwanafunzi, kwa hiyo mtanisamehe nikishangilia kwa sauti ndogo.

La tatu si chanjo kabisa. Wamechukua zanamivir, ile dawa ya kuziba mkasi, wakaifunga kwenye kipande cha kingamwili ili ikae mwilini miezi badala ya saa. Inaitwa CD388. Unachomwa mara moja mwanzo wa baridi. Haihitaji mwili wako ujifunze chochote, na hapo ndipo penye thamani yake: mgonjwa wa saratani aliye kwenye dawa kali, mzee wa miaka 88, watu ambao mwili wao haufundishiki. Katika jaribio la watu kama 5,000, kipimo kikubwa kilikinga kwa asilimia 76 kwa wiki 24. Lakini hao walikuwa watu wazima wenye afya. Jaribio kubwa zaidi, lenye watu walio hatarini, lilianza Septemba 2025, na ndilo ninalolisubiri.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilimwambia arobaini.

Maswali yalikuwa mengi, nitaandika matatu.

Mama mmoja aliuliza kuhusu ile ya watoto ya kupuliza puani, kasikia ina nguruwe. Nilimjibu: umesikia kweli, ina jelatini ya nguruwe. Masheikh wamehitilafiana, wengine wanasema imeshageuka asili yake, wengine hawakubali, na mimi si mufti. Ninachojua ni hiki: skuli wakikuletea ile fomu, una haki ya kuomba sindano isiyo na jelatini, na serikali ya hapa inayo. Usiijaze "hapana" halafu ukanyamaza. Andika kwamba unataka sindano. Akauliza, na hizo sindano zina nini? Nikaona nisifiche: kuna chanjo zinazokuzwa kwenye seli zilizotokana na figo la mbwa mmoja, zinazozalishwa maabara tangu 1958, kisha protini inasafishwa. Ukumbi ukaguna. Afadhali wagune kwangu kuliko wakute kwenye simu usiku wa manane.

Binti mjamzito, mimba ya kwanza, aliuliza kama haitamdhuru mtoto. Nilimwambia mtoto ndiye anayefaidi. Chini ya miezi sita hachanjwi, anaishi kwa kingamwili alizopewa na mama yake tumboni. Soweto, Afrika Kusini, walifanya jaribio, na kwa mama wasio na virusi vya Ukimwi watoto wao walipungukiwa na influenza kwa karibu nusu. Nikamwambia asingoje baridi ijayo. Sindano zipo mpaka mwisho wa Machi.

Wa mwisho alikuwa Mzee mmoja wa Lamu, alikaa nyuma muda wote na kofia yake ya vito. "Mwanangu," akasema, "mimi Ramadhani nakwenda nyumbani, inshallah, nikitoka huko Umra. Huko kwetu hakuna baridi. Hii sindano ya nini?" Nikamwambia, Mzee wangu, kwetu hakuna baridi ila kirusi kipo, Kenya kinazunguka mwaka mzima, hakina msimu wa kukitegea. Na Makka ni watu kutoka kila pembe wanapumuliana, Wasaudia wenyewe wanawashauri mahujaji wachanjwe. Tena huko Lamu sindano hii haimo katika chanjo za kawaida za serikali, utaipata kwa kununua, ukiikuta. Hapa kwa umri wako ni bure. Inataka wiki mbili kushika.

Akahesabu kwa vidole kutoka siku ile hadi siku ya safari. Akaniuliza duka la dawa la pale kona linafungwa saa ngapi.